Uso Unaowaka

Daktari wa ngozi anaposhuku rosasia kwenye uso mweusi, kifaa chake cha kwanza huwa ni kipande cha kioo. Ni kile kioo chembamba cha maabara ambacho hupakwa tone la damu la kupimia malaria. Anakigandamiza taratibu shavuni, anatazama, kisha anakiachia. Damu iliyojaa kwenye vishipa vya juu ya ngozi husukumwa pembeni, na mahali palipokuwa na rangi ya zambarau au kahawia iliyokoza hufifia kwa sekunde moja mbili kabla damu haijarudi. Kule kufifia ndiko ushahidi. Wekundu ulikuwapo siku zote, ila rangi ya ngozi iliufunika.

Mkono nao hupima. Mgongo wa kiganja ukiwekwa shavuni mwa mgonjwa huhisi joto ambalo shingoni halipo. Mwenyewe ataeleza hali yake bila kutaja rangi hata kidogo: uso unamwaka, unamchomachoma, mafuta aliyoyazoea miaka yote sasa yanamwasha, na kila akishinda juani au jikoni anatokwa na vipele mashavuni na puani. Akipimwa joto la mwili, hana homa. Mara nyingi huambiwa ana chunusi, au mzio, au damu chafu, akarudishwa nyumbani na tyubu ya krimu.

Rosasia ni ugonjwa sugu wa ngozi ya uso. Makao yake ni katikati: mashavu, pua, kidevu na paji. Hauambukizi wala hauui. Huanza kwa uso kuiva na kupoa, kuiva na kupoa, hadi inafika siku unaiva na haupoi tena. Baadaye vishipa vyembamba vya damu hujichora juu ya ngozi, vipele hutoka, vingine vikiwa na usaha, na kwa baadhi ya watu, hasa wanaume, ngozi ya pua hunenepa na kufanya mabonge. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la madaktari wa ngozi la Uingereza yalionyesha kwamba zaidi kidogo ya 5% ya watu wazima duniani wanao. Hiyo ni idadi kubwa mno kwa ugonjwa ambao wengi wa wanaouugua katika Afrika Mashariki hawajawahi kuusikia ukitajwa.

Sababu mojawapo ni kwamba kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa Ulaya ya kaskazini. Watafiti wa Sweden, Berg na Lidén, walipowakagua wafanyakazi 809 wa maofisini na kuchapisha matokeo yao mwaka 1989, walikuta mmoja kati ya kumi anao. Picha za vitabuni zikawa za nyuso za aina hiyo: nyeupe, zenye mashavu mekundu yanayoonekana kutoka mbali. Mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aliyejifunza kwa picha hizo alifundishwa kutafuta rangi ambayo mgonjwa wake haonyeshi kirahisi. Huko Marekani, uchambuzi wa takwimu za kliniki za tangu 1993 hadi 2010 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliopewa jibu la rosasia, ni 2% tu waliokuwa watu weusi, ingawa watu weusi ni zaidi ya kumi kwa kila mia ya wakazi wa nchi hiyo. Huenda ngozi nyeusi kweli ina kinga fulani dhidi ya jua. Lakini madaktari waliobobea katika ngozi nyeusi wanasema sehemu ya pengo hilo ni wagonjwa waliopita mbele ya daktari bila kutambuliwa.

Ushahidi haukukosekana. Mwaka 1987 madaktari wawili wa Marekani, Rosen na Stone, waliandika katika jarida la taaluma yao kuhusu rosasia kwa watu weusi. Mwaka 2017 Ncoza Dlova na Anisa Mosam wa Afrika Kusini waliandika kuhusu wagonjwa wao wenye ngozi nyeusi tii. Na mwaka 2020 Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari jijini London, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha picha zinazoonyesha jinsi dalili za magonjwa mbalimbali zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu alichoka kufundishwa kwa nyuso zisizofanana na yake.

Kuchelewa kutambuliwa kuna gharama. Kwenye ngozi nyeusi, uvimbe usiotibiwa huacha madoa meusi yanayokaa miezi mingi baada ya vipele kuondoka. Mgonjwa huyahangaikia madoa, akayatafutia dawa ya kuyang'arisha, na dawa hiyo ikawasha upya ugonjwa ulioyaleta.

Ndani ya ngozi hii kuna nini hasa? Jibu halijakamilika, lakini vipande vyake vikubwa vinajulikana. Mwaka 2007 kundi la Richard Gallo wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilionyesha kwamba ngozi yenye rosasia imejaa kupita kiasi kathelisidini, protini ambayo mwili huitumia kupambana na vijidudu, pamoja na kimeng'enya kinachoikata vipande. Vipande hivyo vilipodungwa kwenye ngozi ya panya, ngozi ilivimba na kuiva. Kwa maneno mengine, ulinzi wa mwili umekuwa mwepesi mno wa kupiga kengele. Mishipa ya damu ya uso nayo hutanuka kwa sababu ndogo, na neva zake hulalamika kwa kitu ambacho uso wa jirani hauhisi.

Kisha kuna utitiri. Katika vinyweleo vya karibu kila mtu mzima huishi utitiri mdogo uitwao demodeksi, wenye urefu wa kama theluthi moja ya milimita. Daktari Mjerumani Gustav Simon aliueleza mwaka 1842. Kwa kawaida haumdhuru mtu. Kwa wenye rosasia huwa mwingi kuliko kawaida, na ngozi yao huupigania kwa hasira. Habari hii huwashtua wagonjwa, nao hukimbilia sabuni kali. Hakuna haja. Utitiri huu hauletwi na uchafu, na kusugua hakuufikii ulipo.

Jambo ambalo mgonjwa anaweza kulishika kwa mkono wake ni vichochezi, yaani vile vitu vinavyouwasha uso siku hiyohiyo. Chama cha kitaifa cha rosasia cha Marekani kiliwauliza wagonjwa 1,066. Asilimia 81 walitaja jua, 79 walitaja msongo wa mawazo, 75 joto la hewa, na 45 vyakula vyenye viungo vikali. Orodha ilitoka mbali, lakini maisha ya ukanda huu yamo ndani yake: anayechoma mahindi kando ya barabara, mama ntilie anayeinamia sufuria tangu alfajiri, dereva wa bodaboda anayeendesha saa saba mchana, mpenzi wa pilipili mbuzi. Si kila kichochezi humgusa kila mtu. Kwa hiyo madaktari humshauri mgonjwa aweke daftari kwa wiki chache, aandike alichokula, alikokuwa na uso ulivyokuwa, badala ya kujinyima kila kitu kwa woga.

Mfano mzuri wa faida ya kuchunguza badala ya kukisia ni kahawa. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa waiache. Mwaka 1981 daktari Jonathan Wilkin wa Marekani aliamua kuipima. Aliwapa wagonjwa kahawa ya moto ya nyuzijoto 60, maji matupu ya moto wa kiasi hichohicho, kahawa iliyopoa hadi nyuzi 22, na kafeini peke yake. Kahawa ya moto iliivisha nyuso zao. Maji ya moto nayo yaliziivisha. Kahawa iliyopoa haikufanya kitu, wala kafeini. Mwenye kosa alikuwa joto. Mwaka 2018 utafiti mwingine uliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 82,000 wa Marekani ulikuta kwamba waliokunywa vikombe vinne au zaidi vya kahawa yenye kafeini kwa siku walipatwa na rosasia kwa kiwango cha chini kuliko wasioinywa. Mzee wa barazani Mombasa au Unguja anayependa kahawa yake chungu hana sababu ya kuikimbia. Asubiri tu ipoe.

Pombe nayo ina hesabu yake ya haki. Ni kweli kwamba huivisha uso wa baadhi ya wagonjwa, na uchunguzi uliotokana na wauguzi haohao uliihusisha mvinyo mweupe na pombe kali na ongezeko la hatari. Lakini mtu ambaye hajaionja maishani anaweza kuwa na rosasia, na mwenye pua iliyovimba hubeba sifa ya ulevi asioujua. J. P. Morgan, bwana mkubwa wa benki za New York aliyefariki mwaka 1913, alikuwa na pua ya namna hiyo. Alichukia kupigwa picha, na picha zake rasmi zilirekebishwa ili pua ionekane ya kawaida. Utajiri wote ule haukumwondolea aibu ya pua yake.

Kuna uso mwingine wa kuwekwa kando ya ule wa Morgan. Katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, upo mchoro wa Mtaliano Domenico Ghirlandaio wa karibu mwaka 1490. Mzee amembeba mjukuu wake. Pua ya mzee imejaa mabonge, na mchoraji hakuficha hata moja. Mtoto ameinua uso, ameweka mkono kifuani mwa babu, anamtazama kwa mapenzi yasiyo na swali. Madaktari huutumia mchoro huo kufundishia ugonjwa. Unafaa pia kufundishia jamaa na majirani namna ya kumtazama mgonjwa.

Aibu hutafuta dawa ya haraka, na katika Afrika Mashariki dawa ya haraka iko karibu mno. Ni krimu yenye steroidi: betamethasoni, au klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Nyingine huchanganya betamethasoni, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja, na huuzwa bila cheti cha daktari kwa yeyote anayesema uso unamsumbua. Wengine huipaka bila kujua, kwa sababu imo ndani ya mkorogo wa kung'arisha ngozi uliotiwa kwenye kopo lisilo na lebo, pamoja na haidrokwinoni na pengine zebaki.

Siku za kwanza inafanya maajabu. Steroidi hubana vishipa vya damu na kuzima uvimbe, na baada ya siku mbili tatu uso umepoa, umelainika, umetakata. Ni mkopo wa kausha damu: fedha unaipata leo mchana, lakini marejesho hayaishi. Wiki zikipita, ngozi huwa nyembamba, vishipa hutanuka kuliko mwanzo, na vipele huanza kutoka hata kuzunguka mdomo na macho. Mgonjwa akiacha kupaka, uso huwaka kwa nguvu ambayo hajawahi kuiona. Akirudia kupaka, hutulia. Anaamini basi kwamba ameipata dawa yake, na kwamba ugonjwa ndio mkaidi. Mwaka 1974 Leyden na Kligman wa Marekani na mwenzao waliueleza ugonjwa huu kwa jina lake, rosasia ya steroidi. Nusu karne baadaye bado unatengenezwa kila siku saluni na madukani.

Huu ndio moyo wa suala zima la kutuliza rosasia katika nchi zetu. Kabla ya kuuliza ni dawa gani ya kuongeza, inabidi kuuliza ni ipi ya kuondoa. Kuiondoa nako kuna utaratibu. Wiki za kwanza huwa ngumu, uso huvimba na kuuma, na ndizo wiki ambazo mgonjwa huhitaji zaidi mtu wa kumwambia kwamba hali hiyo ilitarajiwa na itapita. Daktari anaweza kumshusha kwanza kwenye steroidi hafifu, au kumpa marhamu ya takrolimasi isiyochubua ngozi, pamoja na vidonge vya doksisaiklini kwa muda. Anayejitoa peke yake, gizani, mara nyingi hurudi kwenye kopo.

Zebaki, ile inayotiwa kwenye mkorogo, ina historia ndefu kuliko steroidi. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, katika hadithi zake za mahujaji wa Canterbury alimweleza mtumishi wa mahakama ya kanisa mwenye uso mwekundu wa vipele, ambaye watoto walimwogopa. Madaktari wa leo hubishana kama ilikuwa rosasia, ukoma au kitu kingine. Lisilobishaniwa ni orodha ya dawa zilizoshindwa kumsaidia, na zebaki imo. Kiberiti pia kimo, na hicho leo kina nafasi yake halali katika baadhi ya dawa za rosasia. Zebaki ilibaki kuwa sumu ya figo na neva. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama zikomeshe utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki. Kenya na Tanzania zimevipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Rwanda ilianza msako mkali wa madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Hata hivyo makopo bado yanavuka mipaka.

Dawa zinazotuliza kweli zina tabia tofauti: huchelewa. Na karibu zote ni za kuazima, zilitengenezwa kwa ugonjwa mwingine kabisa, na baadhi yao Afrika Mashariki inazifahamu kwa majina ya nyumbani.

Metronidazoli ndiyo Flagyl, kidonge ambacho kila familia imewahi kukimeza kwa ajili ya amiba. Iliingia kwenye matumizi karibu mwaka 1960 kutibu vimelea vya njia ya uzazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, majaribio ya Sweden yalionyesha kwamba ikipakwa usoni kama krimu hupunguza vipele na wekundu wa rosasia. Leo jeli na krimu zake za 0.75% ni kati ya tiba za kwanza duniani. Hupakwa kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima: nukta moja kila shavu, moja pajini, moja puani, moja kidevuni, kisha husambazwa kwa ncha za vidole bila kusugua. Matokeo huhesabiwa kwa wiki 8 hadi 12. Kusaga kidonge cha Flagyl na kukichanganya na mafuta ya mgando si njia ya kuipata dawa hiyo. Punje zake zitakwaruza ngozi ambayo tayari inalalamika.

Aivamektini ina safari ya kushangaza zaidi. Satoshi Ōmura wa Japani aliokota udongo karibu na uwanja wa gofu wa Kawana, na ndani yake akamtenga bakteria ambaye kutoka kwake William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck walipata dawa ya minyoo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu 1987 kampuni hiyo imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya usubi, ule upofu wa mtoni, na watu wa Mahenge, wa Tukuyu, wa mito ya Uganda na ya Congo wamepimwa urefu kwa fimbo ili wapewe vidonge vya kuwatosha. Desemba 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha krimu yake ya 1% kwa rosasia. Huua utitiri wa usoni na pia hupoza uvimbe. Katika jaribio la wiki 16 lililohusisha wagonjwa 962 wa Ulaya, krimu hiyo iliyopakwa mara moja kwa siku ilipunguza vipele kwa asilimia 83, na metronidazoli iliyopakwa mara mbili kwa asilimia 73.7. Waliopona walipofuatiliwa baada ya kuacha dawa, ugonjwa uliwarudia kwa wastani wa siku 115 kwa walioitumia aivamektini na siku 85 kwa walioitumia metronidazoli. Takwimu hizo mbili za mwisho zina uzito kuliko zote: hata dawa iliyofanya vizuri zaidi haikuufukuza ugonjwa, iliupumzisha. Na aivamektini ya mifugo, iliyopimwa kwa ajili ya ng'ombe, haipaswi kukaribia uso wa mtu.

Kwa mwenye ngozi nyeusi, asidi ya azelaiki inastahili kutajwa kwa sauti. Asili yake imo hata kwenye nafaka kama ngano na shayiri. Jeli yake ya 15% iliidhinishwa Marekani kwa rosasia mwaka 2002. Hupunguza vipele, na papo hapo hufifisha yale madoa meusi yanayobaki nyuma, bila kuichubua ngozi nzima. Wajawazito pia huandikiwa bila hofu kubwa. Siku za mwanzo huchonyota, kwa hiyo wengi huanza kwa kuipaka siku moja na kuiruka nyingine.

Vipele vikiwa vingi, daktari huongeza doksisaiklini ya kumeza. Kuna aina ya miligramu 40 inayoachiliwa polepole mwilini, iliyoidhinishwa mwaka 2006, ambayo kiwango chake ni kidogo, hakitoshi kuua bakteria. Kazi yake ni kutuliza uvimbe tu, hivyo haichangii usugu wa dawa kama dozi kubwa. Humezwa kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi au amesimama, na mjamzito hapewi. Kwa wekundu mtupu usio na vipele kuna brimonidini, iliyoanza kama dawa ya presha ya macho. Jeli yake, iliyoidhinishwa mwaka 2013, hubana vishipa kwa saa kadhaa, kisha uso hurudi ulivyokuwa, na kwa baadhi ya watu hurudi ukiwa umeiva zaidi. Leza huviziba vishipa vyenyewe, lakini kwenye ngozi nyeusi huweza kuunguza na kuacha makovu ya rangi ikishikwa na asiye na uzoefu nayo. Pua iliyokwisha kufanya mabonge hurekebishwa kwa upasuaji au kwa leza ya kuchonga.

Yote haya hayafiki mbali ikiwa uso unaadhibiwa kila asubuhi. Sabuni ya kipande ina ualkali, ilhali ngozi yenyewe ina uasidi kidogo. Dodoki, limao, baking soda na maski za kuchubua zote huvunja ukuta wa ngozi ambao tayari una nyufa. Kujifukiza, ambako wengi hukutumia kusafisha uso, ni joto na mvuke kwa pamoja, yaani kumpelekea mgonjwa kichochezi kwa makusudi. Kinachofaa ni kidogo na cha bei nafuu: maji ya kawaida yasiyo ya moto, kisafishio kisicho na povu jingi wala manukato, taulo la kugusisha tu, na mafuta mepesi ya kulainisha ngozi yasiyonukia.

Halafu jua. Wengi huamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji losheni ya jua, na kwa rosasia imani hiyo humnyima mgonjwa tiba ambayo ni msingi wa nyingine zote. Losheni yenye zinki oksidi huvumilika vizuri na ngozi nyepesi kuudhika, na zile zenye rangi ya kahawia ya oksidi za chuma haziachi utando mweupe usoni. Ujuzi wa kuitengeneza uko hapahapa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, chini ya Mlima Kilimanjaro, hutengenezwa losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, iliyobuniwa kwa kuzingatia joto na maisha ya Tanzania. Hospitali hiyohiyo ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kimewafundisha maofisa tabibu, wauguzi na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika. Wahitimu wake wamesambaa hadi hospitali za wilaya, na baadhi ya wagonjwa wanaoifuata tiba ya ngozi mji mkuu wangeweza kuipata karibu zaidi.

Macho yasisahauliwe. Hadi nusu ya wenye rosasia huguswa machoni, na kwa wengine macho hutangulia ngozi: huhisi mchanga, hukauka, hutoa machozi, kope huvimba na vijipu hurudi mara kwa mara. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa na usafi wa kingo zake husaidia wengi. Lakini maumivu makali, mwanga kuumiza au kuona ukungu ni mambo ya kumwona daktari wa macho upesi, kwa sababu kioo cha jicho kikipata kovu, uoni hupotea.

Maofisa tabibu na wafamasia wana neno lao hapa. Mgonjwa mzima wa miaka 30 na kuendelea mwenye vipele vya katikati ya uso visivyo na vichwa vyeusi vya chunusi, anayesema uso unamwaka, aulizwe kuhusu joto, jua na macho, na aulizwe bila kufokewa anapaka nini. Asiongezewe steroidi. Ugonjwa wa lupasi nao ufikiriwe, kwa kuwa huweza kukaa mashavuni vilevile na tiba yake ni nyingine kabisa.

Na wewe msomaji ambaye uso wako unawaka, au unayemfahamu mtu wa namna hiyo: nenda kliniki ya ngozi ukiwa umebeba tyubu, makopo na vichupa vyote ulivyowahi kupaka, hata kile kisicho na lebo, hata kile unachokionea haya. Vimwage mezani mbele ya daktari. Muulize waziwazi, "Je, hii inaweza kuwa rosasia?" Ukipewa dawa, ipe wiki 12 kabla ya kuihukumu, na usiiache siku uso utakapotulia bila kumuuliza aliyekupa.